Maswali ya Wasomaji: Laptopu za Shule Zitoke Kabatini Zikae Mikononi mwa Watoto

Mwezi huu barua nyingi zilizokuja zinahusu laptopu za shule. Walimu wameandika, wazazi wameandika, na mkuu wa shule mmoja kaandika usiku wa manane, inaonekana jambo limemkaa kichwani. Nimechukua maswali matano yanayowagusa wengi, mengine yanafanana na haya kwahiyo kama lako halipo soma tu utalikuta humuhumu.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA sekondari ya serikali. Wafadhili walituletea laptopu 25, wanafunzi tunao zaidi ya 700. Mkuu wa shule amezifungia ofisini kwake na ufunguo anatembea nao, akisafiri basi hakuna kipindi. Nikimuuliza anasema zikipotea atalipa nani. Nifanyeje azitoe, na akizitoa nizitunze vipi?
*Mwalimu, Kondoa*

Mwalimu pole, ila mkuu wako nae tumuelewe kidogo, mali ya shule ikipotea anaeitwa kujieleza ni yeye sio wewe. Ukimwendea na maneno ya kwamba watoto wanahitaji teknolojia hatabishana na wewe, atakubali kabisa, afu ufunguo utabaki mfukoni kwake. Mwendee na daftari. Yani mtu mwenye hofu ya kulipa anataka kuona siku kitu kikipotea itajulikana saa ngapi kimepotea na kilikuwa mkononi mwa nani, ukimuonesha hilo nusu ya kazi imeisha.

Anza na namba. Kila laptopu ipewe namba kubwa inayosomeka kutoka mbali, iandikwe kwa rangi isiyofutika juu ya mfuniko na chini pia, stika za karatasi watoto wanazibandua wiki ya kwanza. Na chaja yake iandikwe namba hiyohiyo, usisahau hapo, manake kinachopotea kwanza shuleni ni chaja, laptopu inabaki kabatini nzima kabisa ila haiwaki kwasababu chaja ilienda kutumika mahali ikasahaulika huko. Kwenye daftari ukurasa wa mbele andika namba yako, serial namba ya kiwandani na hali yake siku ulioipokea, kama kuna kitufe kimeng'oka andika, kama kioo kina mstari andika. Kurasa zinazofuata ni za vipindi: tarehe, mkondo, mwalimu, zimetoka ngapi, zimerudi ngapi, sahihi.

Afu kila mwanafunzi awe na namba yake ya kudumu. Darasa la watoto 50 kwa laptopu 25 ni wawiliwawili, wale wawili wa namba 7 ni wa namba 7 mpaka mwaka uishe. Wakiikuta ina mkwaruzo mpya watakuambia wenyewe haraka sana kwasababu hawataki ihesabiwe kwao, na wewe unajua moja kwa moja mkondo gani ulitangulia kuitumia. Hiki kitu kimoja kinalinda mashine kuliko kufuli yoyote unayoijua.

Kipindi ni dakika 40, basi dakika ya 33 acha kufundisha. Najua inauma, mada bado tamu, lakini ukikusanya kengele imeshalia watoto wanakimbilia mlangoni na wewe huoni kitu. Viranja wawili wahesabu laptopu, wawili wahesabu chaja, hakuna anaetoka mpaka idadi itimie na usaini.

Kuhusu chaji. Chaja nyingi za laptopu ni wati 65, mara 25 unapata wati 1,625. Soketi ya ukutani ya ampia 13 kwa umeme wetu wa volti 230 inabeba karibu wati 3,000, kwahiyo kwa hesabu zinaingia, shida ni eksitensheni, mtu anachukua ile ya bei rahisi, anachomeka nyingine juu yake, afu nyingine tena, na zote zimefungiwa kwenye kabati la mbao lisilo na tundu. Hapo unatengeneza moto. Gawanya kwenye soketi mbili tofauti za ukutani, kabati litobolewe nyuma lipitishe hewa, na chaji mchana watu wakiwepo sio usiku. Ukiona betri imevimba, kibodi imeinuka au mfuniko haufungi vizuri, hiyo laptopu toa siku hiyohiyo, usiichaji na usiibane irudi. Likizo ya Desemba ikikaribia usiziache zimejaa asilimia 100 wala zimeisha kabisa, acha nusunusu, zima kabisa, weka pasipo joto.

Na mkuu akikuambia bado anaogopa, mkumbushe wenzetu Kenya. Walianza 2016 kugawa vifaa vya kidijitali kwa watoto wa darasa la kwanza, vikafika zaidi ya milioni 1 nchi nzima, kazi kubwa kwakweli, ila shule nyingi ziliishia kuvifungia stoo kwa hofu hiihii ya wizi. Betri haijui kama unaihifadhi, inazeeka tu. Laptopu iliyokaa miaka minne bila kutumika nayo ni hasara, tofauti ni kwamba hakuna anaeandikiwa barua kwa hasara hiyo.

Nafundisha Form 2 kwenye shule yenye maabara ya kompyuta 40, laptopu zote ziko kwenye waifai. Nikigeuka ubaoni wako kwenye gemu na YouTube, nikigeuka wamerudi kwenye kazi. Kuna programu ya kuona skrini zao zote? Na je ni halali?
*Mwalimu, Kisumu*

Ipo, inaitwa Veyon, ni ya bure kabisa na chanzo chake ni huria, inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Zamani ilikuwa ikiitwa iTALC kwa wale waliowahi kuitumia. Kwenye mashine yako wewe unaweka ile sehemu ya mwalimu, kwenye za wanafunzi unaweka ile inayokaa kimya nyuma, afu unaona vioo vyote vidogovidogo kwenye skrini yako moja, unaweza kufunga skrini zote wakusikilize, kuonesha kazi yako kwenye skrini zao, au kuingia kwa mmoja aliekwama umsaidie bila kusimama. Haihitaji intaneti, inahitaji tu mashine zote ziwe kwenye mtandao mmoja wa ndani.

Sasa sehemu wanayokwama wengi. Ruta nyingi na vile visambazaji vya waifai vina mpangilio unaozuia vifaa visionane vyenyewe kwa vyenyewe, umewekwa kwa ajili ya usalama wa hotelini na kwenye migahawa, ukiwa umewashwa Veyon itakuonesha mashine zote hazipatikani na utadhani programu mbovu. Uzime huo kwanza. Pili, ile kuonesha skrini yako kwa wote inakula sana waifai, kwa laptopu 40 kwenye kisambazaji kimoja utaona picha inakatakata, bora utumie projekta kwa hilo na Veyon uibakize kwa kuangalia na kufunga. Tatu, kuna funguo mbili zinatengenezwa wakati wa kuisimika, ule wa siri ubaki kwenye mashine yako tu, ukiunakili hovyo kwenye flashi siku mwanafunzi akiupata atakuwa anaangalia skrini za wenzake, na yako.

Halali? Darasani, kipindi cha masomo, mashine ya shule, na watoto wameambiwa wazi siku ya kwanza kwamba mwalimu anaona, sioni tatizo. Kufanya kimyakimya ndo siungi mkono hata kidogo. Mtoto akijua anaonekana anabadilika siku hiyohiyo, akigundua mwenyewe baadae kwamba ulikuwa unamchungulia hatakuamini tena kwa lolote, na wewe unamuhitaji akuamini.

Ila mwalimu, niseme la moyoni, programu isiwe ndo mwalimu wa pili. Los Angeles mwaka 2013 shule ziligawa iPad zenye vizuizi, kwenye shule moja wanafunzi karibu 300 wakavivuka ndani ya muda mfupi sana, walichofanya ni kufuta tu ule mpangilio uliowekwa na shule. Watoto wana muda kuliko sisi. Kinachofanya kazi kila siku ni kupanga meza ili skrini zitazame upande unaosimama wewe, kusimama nyuma yao badala ya mbele, na kuwa na neno moja mmelikubaliana, ukilisema wote wanashusha mfuniko nusu, mikono juu ya meza, macho kwako. Wafundishe hilo wiki ya kwanza mpaka lizoeleke. Na kazi iwe na kitu cha kuonesha mwisho wa kipindi, jedwali, aya mbili, mchoro, kitu. Mtoto mwenye kazi ya kueleweka na dakika 25 za kuimaliza hapati nafasi ya gemu. Akimaliza mapema na akacheza, hapo tatizo ni kazi ilikuwa ndogo.

Shikamoo. Shule ya binti yangu inataka watoto waende na laptopu nyumbani. Tumeletewa fomu tusaini kwamba ikiharibika mzazi analipa yote, na mstari wa mwisho unasema shule ina haki ya kuifuatilia laptopu muda wowote. Binti analala nayo chumbani. Nisaini?
*Mama wa Form 1, Nairobi*

Marahaba mama. Usisaini kwanza, uliza. Hiyo sentensi ya kufuatilia muda wowote ni pana mno, inaweza kumaanisha kuangalia tu laptopu iko wapi ikiibiwa na inaweza kumaanisha kamera.

Nakuambia hivi kwasababu limeshatokea. Mwaka 2010 lilifumuka jambo jimbo la Pennsylvania kule Marekani, wilaya ya shule ya Lower Merion ilikuwa imewapa wanafunzi wa sekondari laptopu za kwenda nazo nyumbani, ndani yake kulikuwa na programu ya kutafuta mashine iliyopotea, ikiwashwa inapiga picha kwa kamera ya laptopu na kupiga picha ya skrini kila baada ya muda. Ikaja kujulikana kuwa ilikuwa imepiga maelfu ya picha, zikiwemo za watoto wakiwa majumbani mwao. Familia zikaenda mahakamani na mwaka huohuo wilaya ikakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Wazazi hawakuwa wameambiwa kwamba kitu hicho kipo. Sisemi shule ya binti yako ina nia mbaya, hata wale walisema nia ilikuwa kuzuia wizi, ila nia nzuri na programu isiyo na mipaka ndani ya chumba cha mtoto haviendi pamoja.

Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na inasema wazi kuhusu taarifa za mtoto, lazima ridhaa ya mzazi au mlezi na iwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Haikukaa tu kwenye karatasi, mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. (Kwa wasomaji wa Tanzania, nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.) Kwahiyo ukiuliza huombi upendeleo. Uliza kwa maandishi: programu inaitwaje, inaona nini, kamera na maiki vinahusika au la, inafanya kazi saa za shule tu au na usiku, nani ana uwezo wa kuifungua, taarifa zinakaa muda gani kabla ya kufutwa. Shule iliyojipanga itakujibu kwenye ukurasa mmoja. Ikishindwa kujibu ujue hata wenyewe hawajui wamenunua nini, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu kulipa yote, pendekeza igawanywe. Kioo kupasuka kwa kuangushwa mzazi achangie, betri kufa au kibodi kuchoka kwa matumizi ni kazi ya shule, wizi wenye ripoti ya polisi ujadiliwe. Shule nyingine zinachangisha kiasi kidogo kwa kila mzazi mwanzo wa mwaka inakuwa mfuko wa matengenezo, hii mimi naipenda zaidi, maana mzazi asie na uwezo akiona fomu ya kulipa bei nzima anamkataza mtoto kuigusa, laptopu inakuwa ya kuangaliwa na mtoto anarudi shuleni hajafanya kazi.

Na usiku isilale chumbani mama. Ichajiwe sebuleni, yake na simu zenu zote.

Mimi ni mkuu wa shule binafsi, tuna laptopu 60 za Windows 10. Fundi ametuambia zimeshakufa tununue mpya zote, au tuchukue Chromebook za mtumba ambazo amepata bei nzuri sana. Bodi inakutana Ijumaa.
*Mkuu wa shule, Arusha*

Mkuu, hazijakufa. Kilichotokea ni kwamba Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake mashine zinawaka kama jana ila haziletewi tena apdeti za kuziba matundu ya usalama, na kadri muda unavyokwenda ndo hatari inaongezeka hasa zikiwa kwenye intaneti. Fundi amekupa njia mbili wakati zipo kama nne.

Kwanza mwambie azipange mafungu. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa prosesa za Intel kwa ujumla kuanzia kizazi cha 8. Zenye sifa hizo zinapandishwa bure, hununui kitu. Zisizo na sifa, kama kuna programu ya lazima inayotaka Windows, shule zinaruhusiwa kununua apdeti za nyongeza kwa bei ya elimu, dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, 4 mwaka wa tatu, afu inaisha. Zilizobaki ambazo watoto wanatumia kuandika, jedwali na kuperuzi tu, ziwekwe Linux Mint au ChromeOS Flex, hii ni mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, yote ya bure. Na kabla hujasema mashine ni nzito kufanya kazi, ikague kama bado ina diski ya zamani ile ya kuzunguka, ukiibadilisha ukaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, utashangaa kasi yake, ni matengenezo ya gharama ndogo yenye faida kubwa kuliko yote ninayoyajua.

Sasa hizo Chromebook za mtumba, yani laptopu zinazotumia mfumo wa Google uitwao ChromeOS badala ya Windows, hapa nakuomba uwe makini sana kabla ya Ijumaa. Nyingi zinazoingia soko letu zilitoka kwenye shule za Marekani. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya apdeti, Google walitangaza 2023 kwamba ni miaka 10, ila miaka hiyo inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, sio tangu siku unayoinunua wewe. Bei nzuri sana mara nyingi ni mashine iliyobakiza miezi. Angalia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, tarehe iko hapo.

La pili ni baya zaidi. Ikiwa shule ya kwanza haikuiondoa mashine kwenye usimamizi wao, ukiiwasha na kuiunganisha na intaneti inakuambia inasimamiwa na shule fulani ya huko na inadai akaunti ya hukohuko. Unaweza kuifuta yote ianze upya, ikirudi mtandaoni inajirudisha kwao tena. Anaeweza kuifungua ni yule aliyeifunga. Kwahiyo usikubali kuoneshwa mashine ambayo haijaunganishwa na intaneti, mwambie muuzaji aifute mbele yako, aiunganishe, uingie kwa akaunti yako ya Google, na ufanye hivyo kwa kila moja sio kwa sampuli mbili alizozichagua yeye. Akikataa hilo usinunue hata moja.

Zikiwa safi, zina faida moja kubwa, ukilipia leseni ya usimamizi mtu mmoja anaziongoza zote kutoka sehemu moja, anaweka waifai, anazuia tovuti, anaifunga iliyoibiwa. Leseni hiyo ni gharama juu ya bei ya mashine, fundi ailete kwenye hesabu za bodi mapema.

Huku kwetu intaneti ni ya bando la simu ya mwalimu, na flashi zinajaza vairasi kila wiki. Laptopu tunazo 12. Tunaweza kufanya cha maana?
*Mwalimu, Songea vijijini*

Sana tu. Tafuta programu ya Kolibri, ni ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Nenda mjini mara moja sehemu yenye mtandao mzuri, ishushe kwenye laptopu moja pamoja na masomo unayoyataka, video, mazoezi, vitabu. Ukirudi, hiyo laptopu inakuwa seva, unaweka ruta ya kawaida hata isiyo na laini, zile 11 zinaungana nayo kwa waifai na watoto wanafungua kwenye brauza bila senti moja ya bando. Unaweza kutengeneza madarasa, ukawapa mazoezi na ukaona nani amefika wapi, na inayo Kiswahili kwenye menyu zake. Ukiwa huko mjini pita na kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania uone vitabu vya mtaala.

Kuhusu vairasi, nina hakika karibu kabisa kwamba watoto wanaingia kwa akaunti yenye mamlaka yote ya mashine na paswedi ni moja kijiji kizima kinaijua. Tengeneza akaunti ya mwanafunzi isiyoruhusu kusimika chochote, ya msimamizi ibaki na wewe na paswedi yake iandikwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa shule, ili ukihamishwa wenzako wasianze na mashine zilizofungwa. Flashi za watoto zisiingie. Kazi wanazofanya ziwekwe kwenye folda ya pamoja kwenye hiyo laptopu ya seva, na seva inakiliwe kwenye diski ya nje kila Ijumaa kabla hamjafunga maabara.